Hasara kamili ya gari

Hasara kamili ya gari ni hali ambapo kampuni ya bima huamua kutolitengeneza gari lililoharibika, na badala yake humlipa mwenye gari thamani ya gari lenyewe. Uamuzi huo hutolewa gari likiwa limeharibika kiasi cha kutotengenezeka, likiwa limeibwa na halikupatikana, au gharama za kulitengeneza zikiwa kubwa mno kulinganishwa na thamani yake. Sababu hiyo ya tatu ndiyo inayozua maswali mengi, kwa kuwa gari linaweza kutangazwa hasara kamili huku injini yake ikiwaka na magurudumu yake yakizunguka vizuri.

Magari ya zamani huangukia katika hali hii kwa urahisi kuliko magari mapya. Thamani ya gari hushuka kila mwaka, lakini bei ya taa, bampa, rangi na kazi ya fundi haishuki pamoja nayo. Kwa hiyo ajali ileile ambayo kwa gari jipya ni matengenezo ya kawaida, kwa gari la miaka 15 inaweza kuwa mwisho wake mbele ya bima.

## Asili ya dhana

Dhana ya hasara kamili ni ya zamani kuliko gari. Ilianza katika bima ya vyombo vya baharini. Wafanyabiashara na wenye meli walitofautisha meli iliyozama kabisa na meli iliyokwama au kuvunjika, ambayo ingeweza kuokolewa lakini kwa gharama isiyolipa. Sheria ya Bima ya Bahari ya Uingereza ya mwaka 1906 iliziandika hali hizo mbili. Kifungu cha 57 kinaeleza hasara kamili halisi, ambapo chombo kimeangamia. Kifungu cha 60 kinaeleza hasara kamili ya kihesabu, ambapo gharama ya kukitengeneza chombo ingezidi thamani yake baada ya kutengenezwa. Katika hali hiyo ya pili mwenye chombo aliweza kukiacha mikononi mwa bima na kudai fidia yote.

Msingi wa pili ni kanuni ya fidia, yaani bima inamrudisha mtu mahali alipokuwa kabla ya hasara, bila kumfanya apate faida. Kanuni hiyo ilisisitizwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1883 katika kesi ya nyumba iliyoungua. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kulipwa paundi 330 na bima, kisha akapokea bei yote kutoka kwa mnunuzi wa nyumba hiyohiyo. Mahakama iliamuru airudishie bima fedha zake.

Bima ya gari dhidi ya madhara kwa watu wengine ililazimishwa nchini Uingereza kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 1930. Sheria za namna hiyo zipo pia Kenya (Sura ya 405) na Tanzania (Sura ya 169). Bima inayolazimishwa hailipi gari la mwenye bima mwenyewe. Hasara kamili humhusu mtu aliyekata bima kubwa, au anayedai fidia kutoka kwa bima ya dereva aliyemgonga.

Neno *bima* lenyewe liliingia katika Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi.

## Maneno yanayotumika

* Bima kubwa: bima inayolipa pia uharibifu na wizi wa gari la mwenye bima.
* Bima ndogo: bima inayolipa madhara waliyopata watu wengine tu.
* Ada ya bima: fedha anayolipa mwenye gari ili akingwe na bima, kwa kawaida kwa mwaka mmoja.
* Thamani ya soko: bei ambayo gari lingeuzwa muda mfupi kabla ya ajali, kwa umri wake, kilomita zake na hali yake.
* Kiasi cha bima: thamani iliyoandikwa katika hati ya bima, ambayo ada hukokotolewa kutokana nayo.
* Mkadiria hasara: mtaalamu anayekagua gari na kukadiria gharama za matengenezo na thamani ya gari.
* Mchango wa mwenye bima: sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye gari hujilipia mwenyewe.
* Mabaki: gari lililoharibika kama lilivyo baada ya ajali, ambalo bado lina bei kwa wauza spea na wanunuzi wa vyuma chakavu.

## Namna ya kupiga hesabu

Kuna njia mbili kuu. Njia ya kwanza ni ya *kiwango*: gharama za matengenezo zikifika asilimia fulani ya thamani ya soko, gari ni hasara kamili. Njia ya pili ni ya *jumla*: gharama za matengenezo hujumlishwa na bei ya mabaki, na jumla hiyo ikizidi thamani ya soko, gari ni hasara kamili.

Njia ya pili inaeleza vizuri zaidi jinsi kampuni ya bima inavyofikiri. Kampuni ikilipa thamani ya gari inabaki na mabaki, na inaweza kuyauza. Kwa hiyo hasara yake halisi ni thamani ya gari ukiondoa bei ya mabaki. Ikiwa kulitengeneza gari ni ghali kuliko hapo, kampuni inapata nafuu kwa kulipa na kuchukua mabaki.

Mfano ufuatao unahusu magari mawili ya aina moja yaliyopata ajali ya aina moja. Tarakimu ni za kubuni, kwa shilingi.

| | Gari la miaka 5 | Gari la miaka 15 |
|---|---|---|
| Thamani ya soko | 30,000,000 | 8,000,000 |
| Gharama za matengenezo | 6,000,000 | 6,000,000 |
| Bei ya mabaki | 9,000,000 | 2,500,000 |
| Matengenezo na mabaki kwa jumla | 15,000,000 | 8,500,000 |
| Uamuzi | Litengenezwe | Hasara kamili |

Magari yote mawili yamevunjika taa, bampa, boneti na rejeta. Kwa gari la kwanza matengenezo ni asilimia 20 ya thamani, kwa la pili ni asilimia 75. Ajali haikuwa kubwa zaidi kwa gari la pili. Kilichobadilika ni thamani.

Makadirio ya kwanza mara nyingi si ya mwisho. Fundi akifungua mbele ya gari hugundua vitu ambavyo havikuonekana kwa nje, kama vile kifungio kilichopinda au bomba la maji lililopasuka. Kwa sababu hiyo wakadiria hasara hutangulia kuacha nafasi, na gari lililo karibu na mpaka linaweza kutangazwa hasara kamili kabla ya kufika mpaka wenyewe. Gharama za kulihifadhi gari katika karakana, na za kumkodishia mteja gari lingine anaposubiri spea, huongeza mwelekeo huo.

## Sababu za magari ya zamani kuathirika zaidi

Kushuka kwa thamani. Gari hupoteza sehemu kubwa ya bei yake katika miaka ya mwanzo, kisha hushuka polepole. Baada ya miaka 12 au 15 bei inakaribia ile ya mabaki, na nafasi ya matengenezo katikati ya bei hizo mbili inakuwa nyembamba.

Bei ya spea mpya. Kampuni za bima hupendelea spea mpya, mara nyingi za mtengenezaji wa gari, kwa sababu zina dhamana. Spea hizo hazina bei ya punguzo kwa sababu gari limezeeka. Wakati mwingine hupanda bei, kwa kuwa mtengenezaji ameacha kuzizalisha na zilizobaki ghalani ni chache.

Mifuko ya hewa. Mifuko ya kuwakinga abiria ikishafumuka haiwezi kukunjwa na kurudishwa. Hubadilishwa pamoja na vifaa vya kuilipua, mara nyingi na mikanda ya viti inayojikaza, na pengine dashibodi iliyopasuka. Katika gari la zamani gharama hiyo peke yake inaweza kuamua shauri lote.

Vifaa vya elektroniki. Magari yaliyotoka miaka ya karibuni yana kamera nyuma ya kioo cha mbele na rada ndani ya bampa. Baada ya kubadilisha kioo au bampa, vifaa hivyo lazima vipimwe na kurekebishwa upya kwa mashine maalumu. Magari haya yanapozeeka yanabeba gharama hizo pamoja nayo, hivyo mgongano mdogo wa maegesho unakuwa na ankara kubwa.

Kazi ya fundi, rangi na kodi. Saa za kunyoosha bodi na kupiga rangi ni zilezile kwa gari jipya na la zamani. Kodi ya ongezeko la thamani nayo hutozwa juu ya ankara: asilimia 20 nchini Uingereza, 18 Tanzania Bara na 16 nchini Kenya.

## Thamani ya soko na mabishano yake

Mabishano mengi kati ya wenye magari na kampuni za bima hayahusu ajali, bali bei. Mwenye gari huangalia bei ya kupata gari lingine linalofanana nalo. Kampuni inaweza kuanza na bei ya chini ambayo wafanyabiashara wa magari hununulia.

Nchini Uingereza malalamiko ya namna hiyo hupelekwa kwa Huduma ya Usuluhishi wa Mambo ya Fedha, ambayo haimtozi mlalamikaji ada. Huduma hiyo hulinganisha ofa ya kampuni na miongozo ya bei za magari yaliyotumika, kama vile Glass's na CAP, pamoja na matangazo ya magari yanayouzwa. Desemba 2022 Mamlaka ya Usimamizi wa Mienendo ya Fedha ya nchi hiyo ilizionya kampuni za bima zisiwape wateja bei iliyo chini ya thamani halisi ya magari yao, na zisingoje mteja alalamike ndipo ziongeze.

Mambo yanayoweza kupandisha makadirio ni kumbukumbu za matengenezo ya mara kwa mara, kilomita chache kuliko kawaida ya umri wa gari, matairi mapya, cheti cha ukaguzi cha karibuni, na picha zinazoonyesha hali ya gari kabla ya ajali. Hata hivyo fedha zilizotumika kulitunza gari hazirudi zote. Mtu aliyeweka injini nyingine kwa milioni 3 katika gari la milioni 8 hawi na gari la milioni 11, kwa sababu mnunuzi sokoni hangelipa hivyo.

Mipaka ya jambo hili ilionekana katika kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1963. Mwenye gari la Lea-Francis la mwaka 1951 aligongwa na mtu mwingine. Alilipenda gari lake na aliliona la kutegemewa, hivyo akalitengeneza kwa gharama iliyozidi mara mbili ya bei yake sokoni, kisha akamdai aliyemgonga fedha zote. Mahakama ilisema ana haki ya kulitengeneza gari lake akitaka, lakini mgongaji halazimiki kulipa zaidi ya thamani ya soko, kwa kuwa gari la kufanana nalo lingeweza kupatikana. Mwaka mmoja kabla ya hapo mahakama nyingine ya nchi hiyo ilikuwa imempa mwenye gari la MG la zamani gharama zote za matengenezo, kwa sababu gari lake lilikuwa la pekee na hakukuwa na la kulibadilisha nalo. Tangu hapo tofauti hiyo ndiyo inayotazamwa: je, gari jingine la namna hiyo linapatikana sokoni?

Wenye magari ya kihistoria huepuka mabishano hayo kwa kukata bima ya *thamani ya makubaliano*. Bei huafikiwa mwanzoni, mara nyingi kwa picha na taarifa ya mthamini, na ndiyo inayolipwa gari likiangamia.

## Makundi ya Uingereza

Nchini Uingereza kampuni za bima hufuata mwongozo wa Chama cha Kampuni za Bima cha Uingereza kuhusu mabaki ya magari. Tangu tarehe 1 Oktoba 2017 makundi ni manne:

* A: gari lote lisagwe, hata spea zake zisitumike.
* B: bodi isagwe, lakini spea nzima zinaweza kutolewa na kutumiwa katika magari mengine.
* S: muundo wa gari umeharibika, kwa mfano chesisi au nguzo za bodi, lakini unaweza kutengenezwa.
* N: muundo haukuharibika, uharibifu ni wa sehemu nyingine.

Magari ya A na B hayaruhusiwi kurudi barabarani. Ya S na N yanaweza kurudi yakitengenezwa vizuri. Herufi N haina maana kwamba gari ni salama kama lilivyo, kwani breki au usukani unaweza kuwa umeharibika bila muundo kuguswa.

Kabla ya hapo makundi mawili ya mwisho yaliitwa C na D, na yalipangwa kwa gharama. C lilikuwa gari ambalo matengenezo yake yalizidi thamani, na D gari ambalo matengenezo hayakuzidi thamani lakini kampuni iliona hayalipi. Mpango huo ulilionea gari la zamani. Gari la bei ndogo lililokwaruzwa mlango na bampa liliweza kuitwa C, wakati gari la bei kubwa lililopinda chesisi liliitwa D, na mnunuzi akadhani la pili ndilo lenye nafuu. Mabadiliko ya 2017 yalihamisha herufi kutoka gharama hadi aina ya uharibifu. Magari yaliyopewa C na D zamani yamebaki na herufi hizo.

Herufi hubaki katika kumbukumbu za gari na hushusha bei yake ya kuuzia. Baadhi ya kampuni hukataa kulikatia bima kubwa, na nyingine hutaka taarifa ya mhandisi kwanza.

## Marekani

Nchini Marekani kila jimbo lina sheria yake. Majimbo mengine huweka kiwango: Oklahoma asilimia 60 ya thamani, New York 75, Florida 80 na Texas 100. Mengine, kama California, hufuata njia ya jumla iliyoelezwa hapo juu. Kwa hiyo gari lilelile lenye uharibifu uleule linaweza kuwa hasara kamili katika jimbo moja na lisiwe katika jimbo la jirani.

Gari lililotangazwa hasara kamili hupewa *hati ya mabaki* na haliruhusiwi kuendeshwa. Likitengenezwa na kukaguliwa hupewa *hati ya gari lililojengwa upya*. Wadanganyifu wamekuwa wakilihamisha gari kutoka jimbo moja hadi jingine ili alama hiyo ipotee katika hati mpya, jambo linaloitwa kuosha hati. Ili kulizuia, sheria ya mwaka 1992 dhidi ya wizi wa magari ilianzisha mfumo wa taifa wa taarifa za hati za magari, na tangu 2009 kampuni za bima zinatakiwa kuripoti humo magari yaliyotangazwa hasara kamili. Hatari hiyo ilijulikana sana baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, ambapo magari yaliyozama katika maji ya mafuriko yalisafishwa na kuuzwa mbali na pwani ya Ghuba ya Meksiko.

Mabaki huuzwa kwa minada. Kampuni kubwa ya minada hiyo ni Copart, iliyoanzishwa California mwaka 1982, ambayo leo huuza kwa njia ya intaneti kwa wanunuzi wa nchi nyingi na ina viwanja pia katika Ghuba ya Uajemi, ikiwemo Falme za Kiarabu na Omani.

## Afrika Mashariki

Magari mengi ya binafsi nchini Kenya, Tanzania na Uganda huingia yakiwa yamekwisha kutumika, hasa kutoka Japani, na baadhi kutoka Uingereza, nchi ambazo nazo huendesha upande wa kushoto wa barabara. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Tanzania huyaruhusu lakini hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Hivyo gari linaloitwa jipya kwa mwenye nalo linaweza kuwa katikati ya maisha yake mbele ya mkadiria hasara.

Ushuru na gharama za meli huifanya bei ya gari la zamani kuwa juu kuliko ilivyo katika nchi lilikotoka, na ujira wa fundi ni mdogo kuliko Ulaya. Spea za mtumba zinapatikana kwa wingi, kwa mfano katika maduka ya Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam na ya Kirinyaga Road jijini Nairobi. Kwa hiyo gari ambalo Uingereza lingesagwa, Afrika Mashariki huweza kutengenezwa na kuendelea kubeba abiria. Ndiyo maana bei ya mabaki nayo ni kubwa.

Kampuni nyingi huweka ukomo wa umri wa gari linaloweza kukatiwa bima kubwa, na ukomo huo hutofautiana. Gari likiuvuka, mwenye nalo hubaki na bima ndogo, na likiharibika kwa kosa lake mwenyewe halipwi chochote. Bima husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) na Mamlaka ya Udhibiti wa Bima nchini Kenya (IRA), ambazo pia hupokea malalamiko ya wateja.

### Kiasi cha bima kilichopitwa na wakati

Tatizo la kawaida ni hati ya bima inayohuishwa mwaka baada ya mwaka kwa kiasi kilekile. Kwa kawaida kampuni hulipa thamani ya soko ya siku ya ajali au kiasi cha bima, chochote kilicho kidogo. Gari la milioni 8 likiwa limeandikwa milioni 12, na ada ikiwa asilimia 3.5, mwenye gari hulipa shilingi 420,000 badala ya 280,000 kwa mwaka. Likitangazwa hasara kamili hulipwa kwa hesabu ya milioni 8. Zile 140,000 za kila mwaka hazikununua kinga yoyote.

Kuandika kiasi kidogo ili kupunguza ada kuna madhara yake pia. Hati nyingi zina sharti la uwiano. Gari la milioni 8 likikatiwa bima ya milioni 6, mwenye nalo amekata robo tatu tu ya bima. Akipata uharibifu wa milioni 2 anaweza kulipwa robo tatu yake, yaani milioni 1.5, kabla ya kuondoa mchango wake. Taarifa mpya ya mthamini wakati wa kuhuisha bima huondoa matatizo yote mawili.

### Utaratibu wa madai

Mwenye gari huripoti ajali polisi na kwa kampuni ya bima, na hatakiwi kuanza matengenezo kabla mkadiria hasara hajaliona gari. Likitangazwa hasara kamili, hukabidhi kadi ya gari na funguo, hutia sahihi hati ya kukubali malipo, na bima hukoma. Sehemu ya ada iliyobaki kwa kawaida hairudishwi, kwa sababu kampuni imekwisha kutimiza ahadi yake. Ikiwa gari lina mkopo, benki hulipwa kwanza. Mkopo ukizidi thamani ya gari, mwenye gari hubaki na deni bila gari.

Anayemdai dereva aliyemgonga hufuata hesabu hiyohiyo. Mahakama ya Rufani ya Kenya ilieleza mwaka 2010 kwamba mdai hahitaji kuthibitisha kuwa amekwisha kulitengeneza gari. Inatosha taarifa ya mkadiria inayotaja vitu vilivyoharibika na bei zake. Gari lisilotengenezeka hulipwa thamani yake ya kabla ya ajali ukiondoa mabaki.

## Kubaki na mabaki

Mwenye gari anaweza kuomba kubaki na mabaki, isipokuwa pale gari linapotakiwa kusagwa. Kampuni hukata bei ya mabaki katika malipo yake. Katika mfano wa gari la miaka 15, mchango wa mwenye bima ukiwa 500,000, hesabu ni hii:

* Akiyaacha mabaki hulipwa 8,000,000 ukiondoa 500,000, yaani 7,500,000.
* Akiyachukua hulipwa 7,500,000 ukiondoa 2,500,000, yaani 5,000,000, na gari bovu analo.

Matengenezo yaliyokadiriwa milioni 6 yalikuwa ya spea mpya. Ikiwa fundi anayeaminika anaweza kuyafanya kwa milioni 4 kwa kutumia taa, boneti na bampa za mtumba, mwenye gari hurudi barabarani na milioni 1 mkononi. Ikiwa matengenezo yatafika milioni 6, ametoa milioni 1 yake kulirudisha gari ambalo sasa linauzwa kwa bei ndogo kuliko zamani.

Kwa hiyo maswali ya kuuliza kabla ya kukubali ni matatu. Muundo wa gari umeguswa au ni bodi ya nje tu? Bei ya fundi imeandikwa baada ya kulifungua gari au kwa kulitazama kwa nje? Na kampuni itakubali kulikatia tena bima kubwa?

## Usalama

Spea za mtumba zinafaa kwa milango, taa, vioo na boneti. Hazifai kwa mifuko ya hewa na mikanda ya viti, kwa kuwa haiwezekani kujua kwa macho kama itafanya kazi. Udanganyifu unaojulikana ni kuziba nafasi ya mfuko uliofumuka kwa kifuniko kipya na kuichezea taa ya onyo ya dashibodi ili isiwake. Dalili ya kawaida ni taa hiyo kutowaka hata sekunde chache za mwanzo swichi inapofunguliwa, wakati ilitakiwa iwake kisha izime.

Chesisi iliyopinda ikinyooshwa bila vipimo, gari huvuta upande mmoja na hula matairi. Hatari kubwa zaidi ni kwamba sehemu zilizobuniwa kupokea nguvu ya mgongano hazitaipokea tena vilevile. Gari lililozama katika maji hupata kutu ndani ya waya na vifaa vya elektroniki, na hitilafu zake huweza kuanza miezi mingi baadaye.

Anayenunua gari la mtumba kutoka Japani anaweza kuona historia ya matengenezo katika karatasi ya mnada. Alama R kwa kawaida humaanisha kwamba gari liliwahi kupata ajali na muundo wake ukatengenezwa. Kwa gari kutoka Uingereza au Marekani, namba ya chesisi hutumika kutafuta kama liliwahi kutangazwa hasara kamili.

## Mazingira

Magari yanayosagwa yana betri, mafuta, gesi ya kiyoyozi na vimiminika vingine vinavyochafua udongo na maji. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2000 kuhusu magari yaliyofikia mwisho wa maisha lilitaka vitu hivyo viondolewe kwanza, na kwamba kuanzia 2015 asilimia 95 ya uzito wa gari itumike tena au irejelezwe kwa namna moja au nyingine.

Kutumia spea za magari ya kundi B ni njia mojawapo ya kupunguza taka, na pia hushusha gharama za matengenezo. Baadhi ya kampuni za bima za Uingereza zimeanza kuzikubali spea hizo, mteja akiridhia. Kwa magari ya zamani hatua hiyo ina uzito wa pekee: ankara ikishuka kwa theluthi moja, gari lililokuwa hasara kamili linaweza kurudi upande wa pili wa mpaka na kutengenezwa.

## Tazama pia

* Bima
* Gari
* Ajali barabarani
* Fidia